Mahamali wa Mumbai, bodi za Kerala, madereva wa Bengaluru: mfumo upi wa hifadhi ya jamii wa majimbo ya India unakufaa?

Mfanyabiashara akikodi ghala Navi Mumbai (jimbo la Maharashtra), akafungua ofisi ndogo Kochi (Kerala), kisha akaanza kusambaza mizigo kwa pikipiki Bengaluru (Karnataka), atakutana na taratibu tatu tofauti za hifadhi ya jamii ndani ya nchi moja. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa kwetu wanaoitazama India wakitafuta mfano wa kuwakinga wapagazi, vibarua wa ujenzi na waendesha bodaboda nao hukwama hapo hapo: waige jimbo gani? Katiba ya India imeyaweka masuala ya kazi na hifadhi ya jamii kwenye orodha ya pamoja, ambako Bunge la Delhi na mabunge ya majimbo yote yana mamlaka ya kutunga sheria. Majimbo kadhaa yameitumia nafasi hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Nimechagua njia tatu: bodi za mahamali za Maharashtra, mifuko ya ustawi ya Kerala (pamoja na jirani yake Tamil Nadu), na sheria mpya za Rajasthan na Karnataka kwa wanaofanya kazi kupitia programu za simu. Kila moja inakusanya mchango mahali pake. Maharashtra hukusanya kwenye ujira, Kerala hukusanya kwenye sekta nzima ya kazi, Karnataka hukusanya kwenye kila muamala. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kutazama kwanza, kabla hata ya kuhesabu mafao. Mahali mchango unapokatwa ndipo panapoamua nani atakuwa na akiba siku akiumia, na nani atabaki na kitambulisho tu mfukoni.

Msingi unaofanana nchi nzima

Kabla ya majimbo kuna sheria ya taifa. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika 21 Novemba 2025, imeunganisha sheria 9 za zamani. Sehemu zinazomgusa mwajiri mara nyingi ni hizi. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi unaihusu taasisi yenye watu 20 au zaidi. Mwajiri na mfanyakazi huchangia asilimia 12 kila mmoja, na kikomo cha mshahara kwa uchangiaji wa lazima kimekuwa rupia 15,000 kwa mwezi tangu 2014. Bima ya matibabu na ajali ya taifa huanzia watu 10. Mwajiri hutoa asilimia 3.25 na mfanyakazi asilimia 0.75, kwa wenye mshahara usiozidi rupia 21,000. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi baada ya miaka 5, ila wa mkataba wa muda maalumu sasa anastahili baada ya mwaka 1. Likizo ya uzazi ni wiki 26 kwa watoto wawili wa kwanza.

Hayo hayabadiliki ukivuka mpaka wa jimbo. Lakini yamejengwa juu ya mtu mwenye mwajiri anayejulikana, na takribani wafanyakazi tisa kati ya kumi wa India hawana ajira ya namna hiyo. Kwa hao, sheria imegawa majukumu. Delhi inapanga mambo ya bima ya maisha na ulemavu, afya, uzazi na uzee. Majimbo yanapanga mfuko wa akiba, fidia ya ajali kazini, nyumba, elimu ya watoto, mafunzo ya ufundi, gharama za mazishi na makazi ya wazee. Kwenye orodha hiyo ya pili ndiko tofauti kubwa zinakoonekana.

Vigezo vya kulinganisha

Kila mfumo nitauuliza maswali matano: Nani anaingia? Nani analipa, na pesa inakatwa wapi? Mfanyakazi anapata nini? Mwajiri anabeba kazi gani? Na mfanyakazi akihama, haki yake inahama naye?

Maharashtra: bodi inasimama mahali pa mwajiri

*Nani anaingia.* Sheria ya Mathadi (jina la huko la wabeba mizigo) ya mwaka 1969 ililetwa na harakati za mahamali wa masoko ya Mumbai, ambao kiongozi wao mashuhuri alikuwa Annasaheb Patil. Hamali alibeba magunia ya mfanyabiashara huyu asubuhi na vyuma vya yule jioni, na hakuna aliyekubali kuitwa mwajiri wake. Akivunjika mgongo, kila mmoja alimwelekeza kwa mwenzake. Sheria ikaunda bodi kwa eneo na kwa aina ya biashara: nafaka, vyakula vya dukani, chuma, pamba na nyinginezo. Kwenye bodi wanakaa wawakilishi wa wafanyakazi, wa waajiri na wa serikali. Mwaka 1981 jimbo lilipitisha sheria ya mtindo huo huo kwa walinzi wa kampuni binafsi.

*Pesa.* Mfanyabiashara anajisajili kwenye bodi, na mahamali nao wanasajiliwa. Kazi ikiisha, ujira unapelekwa kwenye bodi ukiwa na tozo juu yake, asilimia ambayo kila bodi hujipangia. Bodi ndiyo inayowalipa mahamali, na ile tozo inagharimia mfuko wa akiba, kiinua mgongo, bonasi, malipo ya likizo na matibabu. Mahamali hufanya kazi kwa vikundi vinavyoitwa toli, kila toli na msimamizi wake, mukadam, na hesabu ya ujira hutokana na mzigo ambao toli imeubeba.

*Anachopata mfanyakazi.* Mtu anayebadilisha mwajiri mara tatu kwa siku anapata mafao yanayokaribia ya karani wa kiwandani mwenye ajira ya kudumu. Sijaona mfumo mwingine wa jimbo la India unaomfikisha kibarua mbali kiasi hicho. Akiba yake inakua kadiri anavyobeba, na kumbukumbu zake ziko kwenye bodi, salama hata duka la mfanyabiashara likifungwa.

*Kazi ya mwajiri.* Anasajili, anapeleka ujira na tozo kwa wakati, na anatumia toli iliyosajiliwa badala ya kuita vijana wa barabarani. Faida yake ni kwamba gharama ya hifadhi ya jamii inakuja pamoja na ujira, bila yeye kuendesha mfuko wowote. Lalamiko la waajiri, ambalo serikali ya jimbo imelikiri, ni kuzuka kwa watu wanaojiita mahamali na kudai fedha getini bila kubeba chochote. Mwenye ghala jipya asikubali kulipa yeyote kabla ya kuuliza kwenye bodi kama toli hiyo ipo kwenye daftari.

*Akihama.* Hapa ndipo pana udhaifu. Bodi ni ya eneo na ya biashara fulani, na nje ya Maharashtra haina nguvu. Hamali anayerudi kijijini kwao Bihar anachukua akiba yake, lakini uanachama wake unabaki Mumbai.

Kerala: kila kazi na mfuko wake

*Nani anaingia.* Kerala imeunda mfuko wa ustawi kwa kila kazi iliyokuwa na watu wa kutosha kudai. Wagema na wauza tembo (pombe ya mnazi) walipata wao mwaka 1969, wapagazi walipata sheria yao 1978, wabangua korosho 1979, madereva na utingo 1985. Korosho ina uhusiano na kwetu: viwanda vya Kollam, vilivyojaa wafanyakazi wanawake, vimebangua korosho ghafi kutoka Tanzania kwa miongo mingi. Mwanamke aliyepasua korosho ya Mtwara huko Kollam alikuwa na mfuko wenye jina la kazi yake, na hilo linastahili kufikiriwa na kila anayepanga kubangua korosho nyumbani.

*Pesa.* Mfanyakazi hutoa kidogo, mwajiri hutoa zaidi, na kwenye baadhi ya mifuko serikali huongeza. Viwango hutofautiana bodi hadi bodi. Lililonivutia zaidi ni mfuko wa madereva. Mwenye gari anapokwenda kulipa kodi ya gari hutakiwa kuonyesha stakabadhi ya mchango wa mfuko wa ustawi. Hakuna haja ya mkaguzi kumfukuzia mtu barabarani. Kodi ya gari haipokelewi bila stakabadhi.

*Anachopata mfanyakazi.* Pensheni, msaada wa matibabu, uzazi, ndoa, masomo ya watoto na rambirambi kwa familia. Vibarua wa mashambani wa Kerala walianza kupewa pensheni ya kila mwezi mwaka 1980, ikiwa rupia 45. Pensheni ya ustawi ya jimbo ilifika rupia 1,600, na tangu Novemba 2025 ni 2,000. Kiasi hicho hakimtoshi mzee kwa mwezi mzima, lakini kinakuja kwa jina lake, na bibi mwenye pensheni yake ana sauti nyumbani. Upande wa pili ni ucheleweshaji. Bodi inayotegemea tasnia inayodorora, au hazina ya jimbo iliyobanwa, hulimbikiza malimbikizo, na wazee husubiri.

*Kazi ya mwajiri.* Lazima ajue kazi yake iko chini ya bodi ipi, na biashara moja inaweza kuangukia bodi mbili au tatu. Upakiaji wa mizigo umekuwa na mgogoro wake: desturi ya *nokkukooli*, yaani kuwalipa wapagazi wa eneo kwa kutazama tu mzigo ukishushwa na mashine au na watu wengine. Serikali ya Kerala iliipiga marufuku kuanzia 1 Mei 2018. Ukidaiwa malipo hayo leo, sheria iko upande wako.

*Akihama.* Kerala imefikiria safari kuliko majimbo mengine, maana nusu ya hadithi yake ni ya watu waliokwenda Ghuba. Sheria ya 2008 iliunda bodi ya ustawi ya Wakerala walio ng'ambo. Aliye Muscat au Dubai huchangia kila mwezi kwa miaka isiyopungua 5, na baada ya miaka 60 hupata pensheni. Waswahili wa Oman wanaofanya kazi bega kwa bega na Wamalayali (wenyeji wa Kerala) wamekwisha kusikia habari hizo. Kwa wanaoingia Kerala kutoka Bengal Magharibi, Assam au Odisha, jimbo lilianzisha mwaka 2017 bima ya Aawaz: matibabu hadi rupia 15,000, na laki 2 kwa familia mfanyakazi akifa kwa ajali. Pensheni za mifuko ya kazi ni jambo jingine; hizo humfaa zaidi anayekaa jimboni miaka mingi.

Tamil Nadu iko karibu na mtindo huu, ila imechukua njia nyepesi. Sheria yake ya 1982 ya wafanyakazi wa mikono ilizaa bodi za sekta mbalimbali, na ya ujenzi iliundwa 1994, kabla ya sheria ya taifa ya ujenzi ya 1996. Uzito mwingi uko kwenye tozo ya gharama za majengo, na mfanyakazi hutozwa kidogo sana au hatozwi. Mafao ni ya mikupuo midogo: ada za watoto, uzazi, ajali, mazishi, na pensheni akifikisha 60. Inamfaa asiye na rupia ya ziada ya kuchangia. Anayetaka akiba kubwa ya uzeeni haimfikishi mbali.

Rajasthan na Karnataka: mchango kwenye kila muamala

*Nani anaingia.* Madereva wa teksi za programu, wasambazaji wa chakula na vifurushi, mafundi wanaoitwa kwa simu. Taasisi ya mipango ya India, NITI Aayog, ilikadiria mwaka 2022 kwamba wafanyakazi wa namna hii walikuwa milioni 7.7 mwaka 2020–21 na watafika milioni 23.5 ifikapo 2029–30. Rajasthan ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria yao, Julai 2023. Karnataka ilitoa amri ya dharura Mei 2025, kisha sheria kamili mwaka huo huo.

*Pesa.* Rajasthan iliweka tozo kwenye thamani ya kila muamala. Karnataka imeweka kati ya asilimia 1 na 5 ya malipo anayopewa mfanyakazi kwa kila muamala, ikitolewa na kampuni, na mfumo wa kompyuta unaohakiki malipo. Sheria ya taifa nayo inazitaka kampuni hizi kuchangia asilimia 1 hadi 2 ya mauzo ya mwaka, lakini isizidi asilimia 5 ya kile wanachowalipa wafanyakazi. Tofauti ya mkusanyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mauzo ya mwaka yanafungwa mara moja na yanabishaniwa na wahasibu. Muamala unaonekana saa ile ile abiria anaposhuka.

*Anachopata mfanyakazi.* Namba yake ya usajili, nafasi kwenye bodi, na mafao ambayo bodi itayapanga. Hapo pesa bado ni changa kuliko ya Maharashtra au Kerala. Lakini Karnataka imeongeza jambo ambalo mifumo ya zamani haikulihitaji. Kampuni haimfungii mfanyakazi moja kwa moja: inapaswa kumpa sababu kwa maandishi na notisi ya siku 14, isipokuwa kwa mambo mazito ya usalama. Inapaswa pia kumweleza jinsi mfumo wa kompyuta unavyompangia kazi na alama, na kumpa mtu wa kuzungumza naye. Kwa kijana aliyekopa kununua pikipiki, kufungiwa akaunti ghafla ni balaa kubwa kuliko kukosa pensheni ya mbali.

*Kazi ya mwajiri.* Kujisajili, kuwasilisha orodha ya wafanyakazi, kufungua takwimu za miamala, kuandika mikataba kwa lugha nyepesi. Rajasthan iliweka faini hadi laki 5 za rupia kwa kosa la kwanza na hadi laki 50 kwa yanayofuata. Hata hivyo uchaguzi wa mwishoni mwa 2023 ulibadilisha serikali ya jimbo hilo, na utekelezaji ukachelewa. Sheria nzuri isiyo na kanuni za utekelezaji haimlipii mtu hospitali, kwa hiyo ukilinganisha majimbo haya mawili uliza kwanza kama bodi inapokea fedha.

*Akihama.* Ndani ya jimbo, namba moja hutumika kwenye kampuni zote, na hilo ni jema kwa anayewasha programu mbili kwa wakati mmoja. Akitoka Bengaluru kwenda Chennai, jimbo la Tamil Nadu, anaanza upya.

Tozo ndogo ambazo wageni huchanganya

Mwajiri mgeni hukuta makato mawili zaidi. La kwanza ni mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa jimbo, tofauti na bodi za juu. Maharashtra, kwa sheria inayotoka 1953, hukata rupia 25 kwa mfanyakazi na 75 kwa mwajiri kila nusu mwaka. Tamil Nadu ni 20 na 40 kwa mwaka. Majimbo mengine, kama Rajasthan, hayana mfuko huo. La pili ni kodi ya taaluma, isiyozidi rupia 2,500 kwa mwaka. Hiyo ni kodi tu, haina fao lolote, usiihesabu kwenye hifadhi ya jamii.

Kwa hali yako

*Una ghala, stoo ya jumla au kampuni ya kupakia mizigo.* Ukiwa Maharashtra huna la kuchagua: bodi ya mahamali ya eneo lako ndiyo ya kwanza kuitembelea, na tozo yake iingie kwenye bei zako tangu mwanzo. Ukiwa huru kuchagua jimbo, linganisha gharama yote, maana ujira usio na tozo mara nyingi huishia kwenye madai ya ajali yasiyo na bima.

*Una ofisi ya watu chini ya 10.* Sehemu kubwa ya sheria ya taifa haikufikii bado, kwa hiyo kanuni za jimbo zinakuwa na uzito zaidi. Kerala itakuuliza bodi ya sekta yako hata ukiwa mdogo.

*Unajenga.* Tozo ya taifa ya asilimia 1 ya gharama za ujenzi huenda kwenye bodi ya jimbo popote ulipo, isipokuwa nyumba ya kuishi mwenyewe isiyozidi laki 50 za rupia. Kulipa tozo hakumsajili fundi wako. Mahakama ya Juu ya India iliyakemea majimbo mwaka 2018 kwa kuacha mabilioni ya tozo hiyo yalale bila kuwafikia wajenzi. Ukiwa na mafundi, wape barua ya siku walizofanya kazi, kwa sababu usajili huhitaji siku 90 ndani ya miezi 12.

*Unaongoza chama na unatafuta mfano.* Kama wanachama wako wamekusanyika mahali pamoja, bandarini, sokoni au stendi ya malori, soma Maharashtra. Kama wametawanyika lakini kazi yao ina leseni au kodi ya lazima, soma mfuko wa madereva wa Kerala. Mfumo wa Karnataka unanasa safari zinazopita kwenye programu tu. Mwendesha bodaboda wa Dar es Salaam au Kampala anayebeba abiria wengi kwa pesa taslimu barabarani angeingiza sehemu ndogo tu ya kipato chake, hivyo chama chake kingehitaji njia ya Kerala kwanza, na ya Karnataka iwe nyongeza.

*Wewe ni mfanyakazi au unamshauri anayehama jimbo hadi jimbo.* Shika vile vinavyosafiri: namba ya mfuko wa akiba ya taifa, ambayo ni moja maisha yote, na usajili wa e-Shram, daftari la taifa la wasio rasmi lililozinduliwa Agosti 2021 na lenye watu zaidi ya milioni 300. e-Shram peke yake haina pensheni, ni utambulisho. Kwa hiyo ukifika jimbo jipya, nenda kwenye bodi ya kazi yako mwezi wa kwanza, ukiwa na namba hizo mbili na barua ya mwajiri uliyemwacha.